Je, Kilicho Kigumu Kishurutishwe?

Nataka tufikiri pamoja juu ya swali hili: mtu akikuta kitu kimekuwa kigumu, nacho zamani kilikuwa chepesi, je, ana haki ya kukishurutisha kwa nguvu zake? Au yampasa kwanza kutafuta sababu ya ugumu ule? Swali hili hutujia kila siku, shambani, nyumbani na darasani. Lakini katika mambo makubwa ni vigumu kuliona vizuri, kwa kuwa hasira, aibu na kiburi huingia kati. Kwa hiyo nimechagua mfano mdogo usiomkasirisha mtu. Mfano wangu ni gitaa la kale, lile la nyuzi za nailoni, ambalo vikazio vyake vya nyuzi vimekaza hata vidole vyauma kuvizungusha.

Huenda mtu wa Narung'ombe atasema, "Mwalimu, sisi ni watu wa korosho na ufuta; gitaa latuhusu nini?" Latuhusu. Gitaa si mgeni kwa wasemao Kiswahili. Mwaka 1952 Hugh Tracey alirekodi huko Katanga nyimbo za Jean Bosco Mwenda, aliyeimba kwa Kiswahili na kulifanya gitaa moja lisikike kama magitaa mawili. Na hapa kwetu nani asiyejua jina la Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro (1944–1979)? Lakini katika vijiji vyetu vya Ruangwa na Nachingwea gitaa si chombo cha kila nyumba. Likiwapo moja, mara nyingi ni la kwaya au la shule, nalo hupita katika mikono mingi. Likivunjika, hakuna duka la jirani la kununua jingine, na bei yake ni fedha ambayo mzazi angenunulia sare na madaftari. Basi kuliharibu kwa pupa si hasara ya mtu mmoja, bali ya wote waimbao nalo.

Kwanza tukitazame chombo chenyewe. Gitaa lina nyuzi sita, na kichwani mwake mna vikazio sita, vitatu kila upande, vimefungwa juu ya bamba la chuma. Kila kikazio kina kishikio kinachoshikwa kwa vidole. Kishikio huzungusha parafujo nyembamba, na parafujo ile hushikana na gurudumu dogo lenye meno, ambalo mara nyingi ni la shaba. Gurudumu nalo huzungusha kijiti kilichopita ndani ya mti wa kichwa, na uzi umeviringishwa juu ya kijiti hicho. Katika magitaa mengi mtu huzungusha kishikio mara 14 hadi 18 ili kijiti kizunguke mara moja tu. Ndiyo maana sauti yaweza kupandishwa kidogo kidogo mpaka itulie mahali pake.

Tena pana ajabu nyingine. Mkono waweza kuuvuta uzi, lakini uzi hauwezi kuurudisha mkono. Nyuzi sita za nailoni zikisha kukazwa huvuta kwa pamoja karibu kilo 40, uzito unaopungua kidogo tu kuliko mfuko wa saruji. Walakini parafujo haigeuki nyuma. Zamani haikuwa hivi. Magitaa ya kale ya Ulaya yalikazwa kwa vigingi vya mti vilivyoshikwa na msuguano peke yake, kama udi wa Zanzibar ukazwavyo hata leo. Katika karne ya 19 vikazio vya meno vilienea, wakati ule ule ambao fundi Antonio de Torres wa Hispania (1817–1892) alilipa gitaa umbo linalofuatwa na mafundi mpaka sasa. Tangu hapo mpigaji akapata nguvu nyingi katika vidole viwili. Na hapa ndipo swali letu lianzapo. Maana mtu apewaye nguvu nyingi kuliko kitu anachokishika hahisi upesi kwamba anakiumiza.

Basi, kwa nini kikazio hukauka? Sababu si moja. Ya kwanza ni vumbi na mafuta ya zamani, ambayo kwa miaka mingi hugeuka kuwa gundi kati ya meno. Ya pili ni kutu. Ya tatu ni skrubu ndogo inayolishika gurudumu: mtu aliikaza kupita kiasi, akidhani anafanya vema. Ya nne ni kijiti kilichopinda kwa sababu gitaa lilianguka. Ya tano haimo katika chuma bali katika mti: wakati wa masika mti hunywa unyevu na kuvimba, na matundu yakakibana kijiti. Ya sita ni mzigo usio wa kadiri yake. Gitaa la namna hii lilifanywa kwa nyuzi za utumbo wa mnyama, na baada ya vita vya 1939–1945 kwa nyuzi za nailoni, ambazo Albert Augustine alizitengeneza New York na mpigaji mashuhuri Andrés Segovia akazipokea kwa furaha. Lakini mtu asiyejua hununua nyuzi za chuma, kwa kuwa ndizo alizozikuta dukani. Nyuzi sita za chuma zaweza kuvuta kilo 70, na vijiti vya gitaa hili havikuumbwa kubeba mzigo huo. Hulemewa, huegemea mti, hukaza, kisha mtu husema, "Gitaa hili ni bovu."

Tazameni sasa, ndugu zangu. Sababu ni sita, lakini mkono hupata habari moja tu, yaani ugumu. Ugumu ni kama mtoto mchanga aliaye: kilio chake ni kimoja, lakini labda ana njaa, labda ana homa, labda ameumwa na chungu. Mama mwenye akili hamfungi kinywa. Humfunua nguo amtazame. Katika jambo hili la gitaa nimeona watu wa namna tatu ambao hawafunui nguo.

Mtu wa kwanza hutumia nguvu. Akiona kishikio hakigeuki kwa vidole, huleta koleo. Kweli kishikio chaweza kugeuka, naye hufurahi. Lakini chuma cha parafujo kimekula meno ya shaba, au kishikio kimekatika, au skrubu za bamba zimeng'oka katika mti. Tena jino likiisha kuliwa halioti jingine.

Mtu wa pili hutia mafuta. Huyu ni mpole, lakini upole wake ni wa kivivu. Humimina mafuta juu ya kila kitu, kisha huenda zake. Kama sababu ilikuwa skrubu iliyokazwa mno au kijiti kilichopinda, mafuta hayakuponya neno. Nayo huteremka katika mti, huutia madoa, na kukusanya vumbi jipya litakaloleta ugumu wa mwakani. Mafuta haya ni kama maneno matamu aambiwayo mtu mwenye shida na yule asiyetaka kuisikia shida yake.

Mtu wa tatu hutupa. Husema, "Hivi ni vya kale, tununue vipya." Lakini vikazio vya kale mara nyingi vilifanywa kwa shaba njema, na vipya vya bei rahisi huwa vyepesi na hafifu. Tena umbali kati ya kijiti na kijiti katika vipya vingi ni milimita 35, na vya kale vyaweza kuwa na kipimo kingine; basi mnunuzi asiyepima kwanza hulazimika kutoboa mti upya. Na kama kosa lilikuwa katika matundu ya mti, vikazio vipya vitakaza kama vile vya zamani.

Watu hawa watatu hawafanani kwa tabia, lakini kosa lao ni moja: wote wamejibu kabla ya kuuliza. Fundi mwenye busara huuliza, na maswali yake yana utaratibu ambao kila msomaji aweza kuufuata.

Kwanza huulegeza uzi, ili aondoe mzigo. Kisha hukizungusha kikazio kikiwa hakina kazi. Kikigeuka vyepesi, basi chuma si kibovu kabisa. Labda kilichokilemea ni mzigo, au labda uzi umebanwa katika mfereji wa kile kipande cha mfupa kilicho juu ya shingo. Uzi uliobanwa humdanganya mpigaji: hukaza, hukaza, mara huruka kwa kishindo kidogo na sauti hupita mahali pake, na kikazio hulaumiwa kwa kosa la jirani. Kusugua ncha ya penseli katika mfereji ule mara nyingi hutosha.

Lakini kikiwa bado kigumu bila mzigo, fundi huijaribu skrubu ya gurudumu, akiilegeza robo ya mzunguko tu. Isipofaa, huondoa nyuzi zote tatu za upande ule, hufungua skrubu za bamba, na kulivuta bamba lote litoke taratibu pamoja na vijiti vyake. Hutumia bisibisi inayolingana na skrubu, maana bisibisi ndogo hula kichwa cha skrubu, na baadaye hata bisibisi njema haitashika. Skrubu yenye kutu huitia tone moja la mafuta na kuiacha mpaka kesho. Sasa huzungusha vikazio nje ya mti. Vikiwa vyepesi huku nje, kosa ni la matundu. Basi husugua sabuni kavu au nta ya mshumaa pale kijiti kinapogusa mti, naye hatii mafuta hapo kamwe. Vikiwa vigumu hata huku nje, huyasugua meno kwa mswaki wa zamani uliolowa kidogo katika spiriti, huyakausha kwa kitambaa, kisha hutia tone moja la mafuta ya cherehani mahali parafujo na gurudumu zikutanapo, huzungusha mara nyingi, na kuyafuta yaliyozidi. Kazi yote haimalizi mchana mmoja, na gharama yake ni ndogo sana.

Hapa pana jambo lingine la kupima, nalo ni jambo la hukumu. Nimepata kuona katika kwaya moja kijana aliyepewa gitaa alikaze kabla ya arusi. Kikazio kilikuwa kigumu kwa miaka. Kila mtu alijua, na kila mtu alikizungusha kwa kuuma meno, kisha akampa mwenzake. Siku ile kishikio kilikatika mkononi mwa kijana. Wakubwa wakaketi, wakaamua alipe, naye akalipa kwa fedha ya vibarua vya kuokota korosho. Je, hukumu ile ilikuwa ya haki?

Wengine watasema ndiyo, kwa kuwa aliyevunja ndiye alipaye. Sikatai kwamba kijana alikuwa na sehemu yake. Alipoona chuma kinakataa, ilimpasa kukoma na kuuliza. Lakini wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Nasi twapenda kumtazama yule aliyeivuta kamba mwisho, wala hatuulizi ni nani waliopaona pabovu wakanyamaza. Mikono kumi ilikileta kikazio kile ukingoni, na mkono wa kumi na moja ukakisukuma. Haki ingetaka gharama igawanywe kwa wote waliolitumia gitaa, na sehemu kubwa zaidi ilipwe na wale waliokabidhiwa kulitunza. Hukumu inayomwangukia wa mwisho peke yake ni nyepesi kutolewa, kwa sababu huwaacha wengine wote waende nyumbani wakiwa safi. Tena haifundishi kitu. Maana kesho yake vikazio vitano vilivyosalia vilikuwa vigumu vile vile.

Mtu asidhani kwamba maneno haya ni ya gitaa tu. Nchi yetu hii ya Nachingwea ilipata kufundishwa neno hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Wakubwa wa mpango walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Wakaleta matrekta, mengi yao masalio ya vita, na hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa vya kulimia. Huku kusini reli ikajengwa kutoka pwani mpaka Nachingwea. Lakini udongo wa Kongwa una mfinyanzi, na kiangazi kikifika hukauka ukawa kama tofali. Mashine zikavunjika. Mwaka wa kwanza walitazamia ekari 150,000, wakapanda 7,500 hivi. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na paundi milioni 36 hivi zilikuwa zimepotea. Reli nayo ikafungwa katika miaka ya 1960. Watu wale hawakuwa wajinga, wala hawakukosa nguvu. Waliuliza mashine ina nguvu kiasi gani kabla ya kuuliza udongo ni wa namna gani na mvua yake ni ya kadiri gani, na wakulima waliokuwako walikuwa na majibu tangu zamani. Yule mwenye koleo mbele ya gitaa na yule mwenye trekta mbele ya mfinyanzi ni ndugu. Tofauti yao ni bei tu.

Sasa nasikia mtu akinipinga kwa methali: "Samaki mkunje angali mbichi." Asema, kilichokwisha kukauka hakikunjiki tena, na kukihangaikia ni kupoteza wakati. Methali hii ni kweli kwa samaki. Lakini kikazio kilichokaza si samaki mkavu. Chuma chake hakijabadilika. Kilichobadilika ni uchafu ulioingia kati ya jino na jino, na uchafu waweza kutolewa. Basi methali yatupa kazi ya kupambanua: je, ugumu huu umo katika kitu chenyewe, au umekaa juu yake tu? Hatuwezi kulijibu swali hilo kwa kutazama mbali. Hujibiwa kwa kufungua.

Nami nakubali kwamba pengine jibu ni baya. Kama meno yameliwa kabisa, gurudumu litateleza hata likipakwa mafuta ya aina yote. Hapo uvumilivu si uvumilivu tena, bali ni ukaidi, na kumwambia mpigaji aendelee kuwa mpole ni kumwonea. Vikazio vibadilishwe, gitaa libaki. Tena nakubali kwamba nguvu zina mahali pake: skrubu yenye kutu, iliyokwisha kutiwa mafuta na kungojewa usiku kucha, mwisho wake hutaka mkono imara. Sikusema nguvu ni dhambi. Nasema nguvu ije baada ya kujua, isije mahali pa kujua.

Je, twaweza kuyapeleka haya kwa wanadamu? Twaweza, lakini kwa uangalifu. Mwalimu humwona mtoto asiyejibu swali darasani, akasema ni mkaidi, akashika fimbo. Labda mtoto haoni ubao vizuri. Labda hakula tangu jana. Labda nyumbani husema Kimwera, na neno la Kiswahili aliloulizwa halijamfikia bado. Fimbo yaweza kumfanya aseme kitu, kama koleo liwezavyo kukizungusha kikazio. Lakini mwalimu hataona jino lililovunjika ndani. Ndivyo ilivyo pia kwa mzee aliyekuwa mkarimu akawa mkali, na kwa jirani aliyeacha kuja barazani. Tena pana tofauti moja kubwa ambayo haitupasi kuisahau. Gitaa mtu hulifungua bila ruhusa yake. Mwanadamu hafunguliwi na mwingine. Yeye mwenyewe hufungua, naye hufungua mbele ya mtu aliyekwisha kuulegeza uzi, yaani aliyemwondolea mzigo kwanza kabla ya kumwuliza maswali.

Basi jibu langu ni hili. Mtu hana haki ya kukishurutisha kitu kigumu kabla hajajua kwa nini ni kigumu, hata kama kitu ni chake, hata kama ana haraka, hata kama nguvu zake zatosha. Na kama kitu ni cha watu wengi, hana haki vile vile ya kukiacha kigumu akijua, akampa mwenzake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta ule mara nyingi hujengwa na yule aliyekuwa maskini kuliko wote waliopita mbele ya ufa. Wenye kwaya na wenye shule, kabla ya masika yajayo, lishusheni gitaa ukutani, mlegeze nyuzi, mzungushe kila kikazio, msikilize. Tone moja la mafuta ya cherehani lililotiwa mahali pake kwa wakati wake litamwokoa kijana fulani asilipe deni la watu kumi.